Wanapanda, hawashuki: kutafuta chanzo cha vikapu vya bure baada ya shuti kukosa

Malalamiko ni yale yale, iwe timu ya kikapu ya UMISSETA au ya ligi ya mkoa. Shuti linagonga ringi, wachezaji watatu wanarukia ribaundi, yaani mpira uliodunda baada ya shuti kukosa, na kuikosa, na sekunde nne baadaye mpinzani anaweka leyapu (shuti la karibu na ringi huku akikimbia) peke yake upande wa pili. Kocha anainuka benchi: "Rudini nyuma!" Mechi inayofuata wote wanarudi. Hakuna anayegusa ribaundi ya ushambuliaji, timu inamaliza na pointi 38, na kocha yule yule anainuka tena: "Hivi hakuna anayegombea mpira pale?"

Mshika mawili moja humponyoka, wengine watakwambia, basi chagua: ama ribaundi, ama ulinzi. Mimi naona timu nyingi hazijafika hata huko kwenye kuchagua. Anayeziumiza ni mchezaji ambaye hakupanda kugombea mpira wala hakushuka kulinda. Alikuwepo tu. Kabla hujabadili mfumo mzima, tafuta dalili yako humu, kisha uangalie chanzo chake.

Anza na daftari

Mpe mtu wa benchi daftari na kalamu. Kila shuti lenu likikosa, aandike P kwa idadi ya waliopanda, S kwa walioshuka, na K kwa waliokaa wakiangalia. Mbele yake aandike kilichofuata: tumeipata, wameipata wakaja taratibu, au wameipata wakakimbia na kufunga. Kwenye safu ya pembeni aandike vikapu vya haraka tulivyofungwa baada ya kupoteza mpira mikononi, yaani pasi iliyokatwa au dribo iliyoibiwa.

Safu hiyo ya pembeni ndiyo huwanyamazisha makocha. Mara nyingi unakuta sehemu kubwa ya fastibreki (mashambulizi ya mbio) walizofungwa haihusiani na ribaundi kabisa. Pasi ya uvivu kutoka pembeni kwenda juu, upande wa katikati ya uwanja, imekatwa njiani, basi, mtu anakimbia peke yake. Ukiwakataza watu kupanda kwa sababu ya vikapu hivyo, unatibu mguu wakati kinachouma ni jino. Kama daftari lako linasema hivyo, rudi kwenye mazoezi ya pasi. Yanayofuata hayatakusaidia sana.

Gharama nayo ihesabiwe sawasawa. Wengi huhesabu fastibreki moja kuwa hasara ya pointi mbili, na hapo wanakosea, maana wapinzani wangeshambulia hata kama nyote watano mngekuwa mmesharudi, na wangeambulia kitu. Hasara yako ni tofauti kati ya wanachopata wakikimbia na wanachopata wakija taratibu. Tuseme kwenye ligi yenu shambulizi la taratibu huzaa wastani wa pointi 0.8 na fastibreki huzaa 1.3. Kila fastibreki ya ziada inakugharimu nusu pointi. Tuseme tena kwamba mchezaji wa tatu akipanda mnapata ribaundi nne zaidi kwa mechi, kila moja ikizaa karibu pointi moja. Ili faida hiyo ya pointi nne ifutike, kupanda kwake lazima kuwape wapinzani fastibreki nane zaidi. Namba hizi ni za mfano. Weka zako kutoka kwenye daftari, na usishangae ukikuta hofu yako ilikuwa kubwa kuliko hasara yenyewe.

"Sijui hata alikuwa wapi"

Hii ndiyo dalili ya K nyingi, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi kwa sababu ndiyo huzaa nyingine.

Nenda kwenye mechi yoyote, usitazame mpira. Tazama miguu ya wale wanne wasioshuti. Mpira uko hewani, na wawili au watatu kati yao wamesimama wima, mikono kiunoni, shingo juu. Shuti la pointi tatu hukaa hewani sekunde moja na kitu. Kwa muda huo mchezaji mwepesi anapiga hatua nne, tano. Anayesubiri kuona kama utaingia ameshazipoteza. Mlinzi wake ameshamgeuzia mgongo na kumfungia nje, kwa hiyo ribaundi hawezi. Na gadi (mchezaji wa nje anayeendesha mpira) wa wapinzani ameshaanza kutembea kuelekea nusu ya uwanja, kwa hiyo kumkimbiza nako ni kazi ya kutoka nyuma.

Vyanzo ninavyovikuta ni vitatu. Cha kwanza, hajaambiwa. Ameambiwa "pambana", ameambiwa "changamka", lakini hakuna aliyewahi kumwambia: ukiwa umesimama hapa, mwenzako akishuti, wewe kazi yako ni hii. Cha pili ni mshutaji mwenyewe, ambaye huachia mpira kisha anabaki na mkono juu akilisifu shuti lake. Huyu ndiye wa kwanza kujua kama ameukosea, maana vidole vyake vimeshamwambia kuwa ni mfupi au umeenda kushoto, na bado ndiye wa mwisho kusogea. Cha tatu ni pumzi. Ukiona K zinaongezeka robo ya nne tu, usimfokee mtu. Badilisha wachezaji mapema zaidi, au ongeza mbio za uwanja mzima Jumanne na Alhamisi.

Dawa ya chanzo cha kwanza na cha pili ni kuamua mapema. Uamuzi wa kupanda au kushuka uwe umeshafanywa mpira unapoachana na vidole vya mshutaji, na ufanywe kwa kuangalia mahali mtu aliposimama. Mazoezini fanya hivi: watano kwa watano, mchezo wa kawaida, na wewe una filimbi. Shuti likiwa hewani, lipulize. Wote wagande. Ambaye nyayo zake zilikuwa hazijahama anatoka, wa benchi anaingia, mchezo unaendelea. Usihutubie. Baada ya vipindi vichache utaona watoto wameanza kusogea kabla ya mpira kufika kwenye ringi, na watakuwa wanapiga kelele wenyewe: "Shuti!"

"Tunafungwa leyapu za mtu peke yake"

Hapa kocha hunijibu kwamba ameshamweka pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi, kuwa mlinzi wa mwisho. Sawa, lakini pointi gadi wako ndiye anayeingia na mpira hadi chini ya ringi. Akikosa leyapu yake yuko amelala kwenye mstari wa mwisho, chini ya nguzo, na huku juu hakuna mtu. Timu ina mlinzi wa mwisho kwenye karatasi tu.

Kazi hiyo ifuate nafasi uwanjani, isifuate jina la mtu. Gadi akiingia ndani, aliye juu zaidi karibu na mstari wa pointi tatu ajue bila kuambiwa kwamba sasa zamu ni yake. Kama wote wawili wa juu wameingia, aliye pembeni upande wa mpira asogee juu kuziba. Rahisi kusema, inachukua wiki kadhaa mpaka iingie kwenye damu, na mwanzoni utawaona wawili wakirudi kwa pamoja na kutazamana. Hilo ni kosa zuri, livumilie.

Angalia pia walio kwenye kona. Uwanja wa FIBA, shirikisho la kikapu duniani, una urefu wa mita 28, na aliyesimama kwenye kona ya mbele yuko karibu kabisa na mwisho wake. Kumwambia awahi kulinda ringi yake ni kumtuma mbio ambazo gadi wa upande wa pili ameshazianza katikati ya uwanja. Kama kuna mtu wa kupanda, ni huyu wa kona. Walio juu ndio warudi.

"Watu wako nyuma, na bado tunafungwa"

Daftari linaonyesha S tatu, lakini kikapu kimeingia. Basi idadi si tatizo. Tazama wanavyorudi: wote wanakimbia wamegeuza migongo, kila mmoja anamtafuta mtu wake, na mwenye mpira anapita katikati yao kama hayupo.

Wa kwanza kufika akalinde ringi. Wa pili amsimamishe mwenye mpira, kabla hajafika mstari wa pointi tatu. Wa tatu aende upande wa mbali, kule ambako pasi ya pili hutua. "Mtu wangu ni yule mrefu" ni mazungumzo ya baadaye, mpira ukishasimama. Na lazima waseme kwa sauti: "Mpira wangu!" Timu isiyosema huishia watu wawili wakimfuata mmoja.

"Tunapeleka watatu, ribaundi hatupati"

P ni nyingi, mipira hakuna. Hapa kuna ufundi ambao haufundishwi vya kutosha kwenye viwanja vyetu.

Chanzo cha kawaida ni kukimbilia moja kwa moja chini ya ringi. Anayefika huko anajikuta nyuma ya ubao huku mpira ukimpita juu ya kichwa. Shuti la mbali hudunda mbali, na lililopigwa kutoka upande mmoja mara nyingi likikosa huangukia upande wa pili. Kwenye viwanja vya saruji ambako ringi imechomelewa moja kwa moja kwenye chuma, bila springi, mpira unaruka mbali zaidi, na zaidi tena kama umejazwa upepo kupita kiasi. Kabla ya mechi ya ugenini, mtu wako mmoja apige mashuti kadhaa ya kukosa makusudi huku wengine wakitazama unakodunda. Ni dakika tatu za kupasha misuli ambazo hazijapotea.

Chanzo kingine ni kwamba mtu wako anashindana na mgongo. Ameshafungiwa nje, anasukuma kutoka nyuma, mwamuzi anapuliza. Kwa hili kuna njia ambayo naipenda kuliko zote, na jina linalotajwa nayo sana ni la Aaron Fearne, kocha aliyeinoa Cairns Taipans ya Australia. Shuti likitoka, kila mshambuliaji anamfuata mlinzi aliye karibu naye na kumgandia kutokea upande wa juu, yaani upande wa katikati ya uwanja. Kifua chake kinagusa mgongo wa mpinzani, mikono iko juu, na kwa hatua fupi fupi anamsogeza kuelekea chini ya ringi. Hatafuti njia ya kumzunguka.

Fikiria kinachotokea. Mlinzi aliyezoea kumfungia mtu nje anajikuta amejifungia ndani, chini ya ringi, mahali ambapo mpira hauanguki mara nyingi. Mpira ukidunda mbali, ni wako. Ukimwangukia yeye, wewe uko tayari kati yake na ringi unayoilinda, umemgusa, unajua alipo. Umegombea ribaundi na umeshaanza kulinda kwa mwendo huo huo. Watano wote wanaweza kufanya hivyo kila mmoja na mtu wake, na hakuna anayebaki na K. Kwa timu isiyo na warefu hii ni neema, kwa sababu inahitaji miguu na ubishi kuliko kimo.

Kuna tahadhari mbili. Mikono ikishuka na kuanza kusukuma, ni faulo, na vijana watazipata nyingi wiki za mwanzo. Na mpinzani asiyekuja kwenye ribaundi, anayekimbia mbele mara tu shuti linapotoka, usimtafute mgongo: kimbia naye.

Kwa wanaoitazama NBA, ligi ya Marekani, sana: chini ya kanuni za FIBA, tofauti na huko, mpira ukishagusa ringi mchezaji yeyote anaweza kuugusa hata kama bado unazunguka juu yake. Mfundishe mrefu wako kuupiga kidole utoke nje kwa wenzake badala ya kungoja uamue wenyewe.

Na akiupata? Wengi huruka nao tena palepale katikati ya mikono mitatu. Saa ya mashambulizi, inayohesabu muda mlionao wa kushuti, inarudi sekunde 14 baada ya ribaundi ya ushambuliaji, muda wa kutosha kabisa kuutoa nje kwa mshutaji ambaye mlinzi wake ameingia ndani kuangalia kelele.

"Akishika tu, mpira ushafika nusu ya uwanja"

Aliyekosa ribaundi amegeuka haraka na kukimbia. Utii huo unawagharimu. Yule aliyekuwa karibu zaidi na mdaka ribaundi abaki naye kwa hatua moja au mbili, kifua wazi, mikono juu, amzibe macho na kumlazimisha adunde mpira au ageuke. Kucheleweshwa kwa sekunde moja tu kunawapa wenzake wanne nafasi ya kurudi.

Azibe, asishike. Kijana aliyeachwa huwa anavuta jezi, na faulo ya kusimamisha mbio bila kujaribu kucheza mpira inaitwa kosa lisilo la kiuanamichezo: mitupo huru miwili kwa wapinzani na mpira unabaki kwao. La pili kwa mchezaji yule yule, anatoka uwanjani.

"Wana mtu anaotea"

Kikapu hakina ofsaidi, kwa hiyo timu nyingine humwachia mmoja mwenye mbio kazi ya kutokomea kila shuti likitoka. Mlinzi wa mwisho awe naye, mmoja kwa mmoja. Kisha hesabu waliobaki chini ya ringi: wao wanne, nyinyi wanne. Wamepunguza mtu kwenye ribaundi yao wenyewe, na makocha wengi hujibu kwa kuwarudisha watatu nyuma kumchunga kijana mmoja. Waache wanne wapande. Wakipoteza ribaundi tatu mfululizo, kocha wao atamrudisha mwenyewe.

"Tumeacha kupanda, sasa hatufungi"

Hii inatokana na kuiga wakubwa bila kuangalia tunakotofautiana nao. San Antonio Spurs wa kocha Gregg Popovich na Boston Celtics wa kocha Doc Rivers walijulikana kwa kuiacha ribaundi ya ushambuliaji ili wawahi kurudi, na ligi nzima ikafuata njia hiyo. Miaka ya 1980 timu za NBA zilikuwa zikiokota takriban theluthi moja ya mashuti yao yaliyokosa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya robo. Kisha upepo ukageuka. Msimu wa 2024-25 Houston Rockets wa kocha Ime Udoka, wakiwa na mchezaji mrefu Steven Adams, waliongoza ligi kwa ribaundi hizo na hakuna aliyewacheka.

Wenzetu wale walikuwa na sababu: wanashuti vizuri, na wapinzani wao wakikimbia hawakosi leyapu. Timu ya shule ya sekondari inakosa mashuti mengi kuliko inayofunga, kwa hiyo mipira ya kuokota ni mingi zaidi. Na fastibreki ya wapinzani wa ngazi hiyo huishia mara nyingi kwenye kosa la hatua tatu, pasi iliyotoka nje au leyapu iliyogonga ubao kwa nguvu mno. Ribaundi ina thamani kubwa zaidi kwetu, na adhabu ya kuikosa ni ndogo zaidi. Kwa timu ya namna hiyo mimi ningepeleka watatu kila mara, na kwa ile iliyokwisha kuzoea kumgandia mtu kutokea juu, ningepeleka wote.

Dakika za mwisho na mitupo huru

Sheria zako za kawaida zinaweza kuwekwa kando hapa. Mkiwa nyuma kwa pointi tatu zikibaki sekunde chache, peleka wanne, kwa sababu kikapu cha kufungwa hakikuongezei kifo. Tarehe 18 Juni 2013, mchezo wa sita wa fainali ya NBA mjini Miami, Spurs walikuwa mbele ya Miami Heat 95 kwa 92 na mrefu wao Tim Duncan alikuwa benchi. LeBron James wa Miami akakosa shuti la pointi tatu, mwenzake Chris Bosh akadaka ribaundi, akampasia mshutaji wao Ray Allen aliyekuwa akirudi kinyumenyume kwenye kona, na Allen akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Miami walishinda muda wa nyongeza 103 kwa 100, kisha wakatwaa ubingwa mchezo wa saba. Timu iliyokuwa mfano wa kuiacha ribaundi ya ushambuliaji iliadhibiwa na ribaundi ya ushambuliaji.

Mkiwa mbele kwa pointi sita na dakika moja imebaki, geuza: asipande mtu. Mshutaji naye arudi.

Mitupo huru ina mpangilio wake tayari. Kanuni zinawaruhusu wawili wenu tu kusimama kwenye nafasi za ribaundi, dhidi ya watatu wa wapinzani. Wengine wawili lazima wawe nyuma ya mstari wa pointi tatu, kwa hiyo walinzi wenu wa mwisho mnao bila kuwatafuta. Anayesahaulika ni mpiga mtupo mwenyewe. Mpe kazi moja kabla hajapokea mpira kutoka kwa mwamuzi: ukikosa, mtafute gadi wao anayesubiri pasi ya kwanza, usimame mbele yake.